Mzizi Huanzia Mkono wa Kuume

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Ukinikaribisha chai, nasubiri wewe unywe kwanza. Ukinisifia nguo, najiuliza unataka nini. Wanangu wananicheka, wanasema mama yetu hata kalenda anaihoji. Wacheke tu. Wao hawakusoma Kigali mwaka wa tisini na mbili, tena katika shule ya masera, tena kwa jina lisilo lao.

Masera ndivyo tulivyowaita watawa wa kike. Shule yao ilikuwa upande wa Kimihurura, shule ya wasichana yenye sakafu iliyong'aa mpaka unaona soksi zako. Sisi nyumbani tulikuwa Waislamu wa Biryogo. Baba alikuwa fundi wa kushona, cherehani yake ilikaa barazani, na watu wa mjini walituita Waswahili, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kukunja pua. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache na zilikwenda zilikokwenda. Shule za kanisa zilikuwepo, lakini bila ubatizo mlango wake ulikuwa mwembamba. Watoto wengi wa mtaani kwetu, kabla yangu, walikuwa wamepita mlango huo kwa jina la kuazima, na mimi nikawa mmoja wao.

Aliyeniazimia ni shangazi, dada yake baba. Yeye aliolewa na Mkatoliki, akabatizwa, akahamia Niboye. Alinipeleka kwa masera akasema mimi ni mtoto wake, nimebatizwa Burundi, na jina langu ni hili. Jina lenyewe silitaji hapa. Lilifanya kazi yake, liache lipumzike. Siku za shule nililala kwa shangazi, Jumamosi nikarudi Biryogo kuwa mimi.

Baba hakufurahi, lakini hakukataa. Aliniambia huku anakata suruali ya mtu, bila kuinua macho: "Mama, nenda kasome. Ila huko usiongee Kiswahili, watajua unatoka wapi. Na chochote unachokula, tazama kwanza." Ndivyo baba alivyozoea kuniita, mama. Nikamuuliza itakuwaje wakinigundua. Akasimamisha mkasi. "Wasikugundue," akasema.

Alikuwa na sababu. Vita vilikuwa mpakani tangu mwaka wa tisini, na mjini kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Ukiongea chini chini, unaficha kitu. Ukiongea kwa sauti, unajifanya. Mgeni akilala kwako siku mbili, mkubwa wa mtaa anakuja kuuliza habari za afya yako, na afya hana haja nayo. Wakati kama ule, mtu akionekana ana majina mawili, nani angeamini kwamba ni kwa ajili ya shule tu? Wangeuliza katumwa na nani. Wangemuuliza na shangazi vilevile, na mume wake, na baba na cherehani yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na nilitembea na watu wote hao mgongoni.

Basi nikakaa chonjo. Kwenye misa nilikaa nyuma ya nguzo. Jumatano, siku ya nguruwe, nilizungusha nyama kwenye sahani mpaka jirani yangu wa dawati, ambaye pia tulikaa naye meza moja ya chakula, aliponyoosha uma wake akaichukua. Hakuomba, alichukua tu. Alikuwa binti wa katekista, mnene wa mashavu, macho yake hayatulii, na kila kitu alitaka kujua. "Sha, mbona hauli?" "Tumbo." "Kila Jumatano?" Nilimshuku tangu siku ya kwanza. Nilijiambia huyu ndiye atakayenimaliza.

Lakini kilichonitia tumbo joto zaidi kilikuwa Ramadhani. Mwaka uliotangulia nilisingizia tumbo siku nyingi mfululizo, na yule masera wa zahanati, mwema kupita kiasi, akanijia na glasi ya maji na vidonge vya minyoo, saa sita mchana, akasimama mbele yangu mpaka nikameza. Minyoo sikuwa nayo, na swaumu ikaenda. Sasa Ramadhani nyingine ilikuwa inabisha hodi, mwanzoni mwa Machi, na sikuwa na uongo mpya.

Ndipo ikaja mizizi.

Somo lenyewe Watanzania wanaliita vipeuo, lakini sisi tulisoma kwa Kifaransa, na Kifaransa kinasema mzizi, kwa hiyo kichwani mwangu imebaki mizizi. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa kijana, suti moja, chaki mpaka kwenye nyusi. Aliamini kila mwanafunzi ni mwizi ambaye hajakamatwa bado. Kwa hilo tu tungeweza kuelewana, yeye na mimi.

Siku hiyo alichora ubaoni ile alama ya mzizi, paa lenye mguu mmoja. Nje, kwenye pembe ya kushoto, akaweka tatu ndogo. Ndani ya paa akaweka nane, na juu ya nane, mkono wa kuume, akaweka mbili ndogo. Mzizi wa tatu wa nane mraba. Akasema: alama hii inatisha watu bure, tunaweza kuivua. Badala ya paa, tunaandika nane peke yake, na juu yake tunaweka kipeo ambacho ni sehemu, namba moja juu na namba moja chini. Paa limekwenda, na thamani ni ileile.

Mimi nilinyanyua kichwa. Nilipenda mara moja, na nilishuku mara moja. Nilipenda kwa sababu binti wa fundi anajua kuwa mtu mmoja anaweza kuvaa nguo mbili akabaki yuleyule. Nilishuku kwa sababu neno lake lilikuwa kurahisisha, na katika maisha yangu sijaona mtu anamrahisishia mwenzake kitu bure.

Mwalimu alisema, kwa haraka, ipi inakwenda juu na ipi chini, akafuta. Alikuwa mtu wa kufuta kabla hujamaliza kunakili. Wenzangu wakabaki na macho na kumbukumbu. Na macho ya mtoto aliyefundishwa kusoma kwa Kifaransa yanaanzia kushoto: yanakutana kwanza na tatu ya nje, mkono unaiandika juu, halafu yanakutana na mbili, inakwenda chini. Nane kwa kipeo cha tatu juu ya mbili. Unapata namba yenye mkia wa desimali usioisha.

Macho yangu mimi hayakuanza maisha kwa Kifaransa. Nilipelekwa madrasa kabla ya kwenda shule yoyote, nikiwa sijui hata kufunga kamba za viatu, na pale mwalimu alishika kidole changu akakiweka upande wa kuume wa ubao wa mbao, akakivuta kwenda kushoto. Kidole hicho hakijabadilika mpaka leo. Kitu kigeni kikiwekwa mbele yangu, ambacho si sentensi ya kawaida, naanzia kuume kabla sijafikiri. Basi nikakutana na mbili kwanza, nikaiweka juu. Halafu nikafika kwenye tatu, nikaiweka chini. Nane kwa kipeo cha mbili juu ya tatu. Mzizi wa tatu wa nane ni mbili, mbili mraba ni nne. Nne! Haina mkia, haina kelele. Nikajisikia raha moyoni, nasema kweli.

Binti wa katekista alikuwa anahangaika pembeni yangu, anafuta, anaandika, anafuta. Kelele za kifutio chake zilinichosha. Nikamnong'oneza: "Anzia huku," nikaweka kidole changu kwenye daftari lake, mkono wa kuume, nikakivuta. Akatazama kidole, akanitazama mimi, akatazama kidole tena. Akapata nne. Akaguna kwa furaha kama aliyepewa mandazi.

Wiki iliyofuata tulifanya jaribio, na siku ya kurudisha karatasi mwalimu aliingia kimya. Huyo hakuwahi kuingia kimya. Akagawa karatasi zote isipokuwa mbili, halafu akasimama mbele ya dawati letu. Darasa zima, alisema, limegeuza vipeo chini juu. Wote wameandika namba ya nje juu. "Ila ninyi wawili. Mmepata yote. Hata lile la mwisho ambalo sikulifundisha. Nataka kujua karatasi yangu ya maswali mliipata wapi."

Lo! Sikuiba, na hilo lilikuwa rahisi kusema. Lakini angeuliza swali la pili: kama hukuiba, mbona wewe tu? Kwa swali hilo sikuwa na jibu la kutoa mbele ya watu.

Nikamgeukia jirani yangu kwa macho, nyamaza, nakuomba nyamaza. Alikwishasimama. "Hatukuiba, mwalimu! Huyu ndiye aliyenifundisha. Anaweka kidole mkono wa kuume, anasoma kurudi nyuma, hivi." Na akaonyesha, darasa zima likaona, kidole chake kinene kikitembea hewani kutoka kuume kwenda kushoto. Alinitetea kwa roho yote, na mimi nikatamani ardhi inimeze pamoja naye.

"Kurudi nyuma?" mwalimu akauliza, taratibu. "Nani anasoma kurudi nyuma?"

Hakungoja jibu. Alitupeleka wote wawili kwa masera mkuu. Kule ndiko wasichana walikoingia na mkoba na kutoka na mkoba, yaani hawakurudi darasani. Wizi wa mtihani ulikuwa kufukuzwa, hakuna maonyo.

Masera mkuu alikuwa Mzungu mzee, mkavu, ngozi imekunjamana kwa jua. Ilisemwa kwamba kabla ya Rwanda alikaa miaka mingi kwenye nchi za jangwa, huko kwa Waarabu. Ofisini kwake alikuwa na desturi moja iliyojulikana shule nzima: saa sita mchana alikunywa chai ya kijani yenye majani ya nana, kwenye glasi ndogo, bila maziwa. Na ukutani alitundika sahani pana ya shaba yenye maandishi kuzunguka ukingo. Mimi nilijua ni maandishi gani. Kila nilipopita dirishani pale nilitazama chini, kwa sababu nilijua macho yangu yatayasoma yenyewe.

Mwalimu akaeleza kesi yake. Masera akasikiliza huku amefumba macho. Halafu akachukua chaki, akaenda kwenye ubao mdogo wa matangazo, akafuta ratiba ya bustani, akachora paa. Nje tano. Ndani thelathini na mbili, na tatu ndogo juu yake. Swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote.

"Wewe," akaniambia. "Rahisisha. Na mkono wako uonyeshe njia."

Nilichukua chaki. Nikajiambia: anzia kushoto, kama wao. Nikaweka kidole kwenye tano. Sasa niambie, mtu aliyezoea kupanda ngazi kwa mguu mmoja, ukimlazimisha aanze na mwingine mbele ya watu, si ataanguka? Nikaandika thelathini na mbili, kipeo tano juu ya tatu. Nilijua ni makosa kabla sijainua chaki. Akili ilijua, mkono haukujua.

Mwalimu alivuta pumzi. Sikumtazama, lakini nilisikia kwamba anatabasamu. "Masera, umeona mwenyewe."

Hapo nikaona mambo mawili, na yote yalikuwa mabaya. Nikiacha lile jibu, mimi ni mwizi, nafukuzwa leo. Nikilifuta nikaanzia kule ninakojua, mwanamke huyu aliyekaa na Waarabu miaka yote hiyo atajua mimi ni mtoto wa nani, na jina langu litakuwa la uongo, na shangazi atakuwa mwongo mbele ya kanisa, na habari itatoka hapa itateremka Kimihurura yote mpaka ifike kwa watu ambao kazi yao ni kuuliza maswali. Niliogopa. Halafu nikakasirika. Nilikasirika kwa sababu nne ilikuwa yangu, niliipata mwenyewe, na huyu kijana wa suti moja alikuwa anatabasamu juu yake.

Nikafuta kwa kiganja. Nikaweka kidole mkono wa kuume, kwenye tatu, nikakivuta polepole kupita thelathini na mbili, kupita ukuta wa paa, mpaka kwenye tano. Nikaandika: thelathini na mbili, kipeo tatu juu ya tano. Thelathini na mbili ni mbili kwa kipeo cha tano. Tano na tano zikaondoka, ikabaki mbili kwa kipeo cha tatu. Nane. Nikapiga mstari chini yake mpaka chaki ikavunjika.

Masera alikuwa anatazama kidole changu, si jibu. Na mimi, Mungu anisamehe, macho yalinikimbia. Yakapanda ukutani kwenye ile sahani ya shaba, yakaanzia pale bismillahi inapoanzia, yakazunguka. Niliporudisha macho, yeye alikuwa ananitazama usoni.

"Kwa nini unaanzia upande huo?" akauliza.

"Nimezoea, masera."

"Umezoea," akarudia. Kisha akamgeukia mwalimu. "Huyu hakuiba. Anajua."

"Lakini masera, mbona ni wao wawili tu?"

"Kwa sababu ni wao wawili tu walioanzia mahali panapofaa. Wafundishe wengine." Akaketi. "Lakini binti huyu amefundisha mwenzake katikati ya somo lako, bila ruhusa. Hilo lina adhabu. Kuanzia kesho, saa ya chakula cha mchana, hataingia kwenye chumba cha kulia. Atakuja hapa kufanya mazoezi ya mizizi mpaka nitakapomwambia basi."

Hata mwalimu alishangaa. Jirani yangu akaanza kutokwa na machozi. "Masera, atakufa na njaa, huyu hata siku za kawaida hali!" Yaani huyu msichana! Nilimkanyaga mguu.

Jioni nikamweleza shangazi. Akapiga makofi. "Weye! Kesho si ndio mnaanza kufunga? Adhabu iko inakunyima chakula cha mchana, si bahati hiyo?"

"Hakuna bahati ya namna hiyo, shangazi."

Jumamosi nikamweleza baba. Alifikiri mpaka uzi ukamkatikia. "Mtego huo," akasema. "Anataka kuona kama utalalamika njaa. Usipolalamika, amejua."

Baba na mimi tulikuwa kitambaa kimoja. Basi nikalalamika. Kila mchana niliingia ofisini kwa masera nimeshika tumbo. Nilishusha pumzi ndefu. Nilitazama saa ya ukutani kwa huzuni. Siku moja nilijaribu kuyumba kidogo kwenye kiti, na masera, bila kuinua kichwa kutoka kwenye barua zake, akasema: "Usijitese. Fanya la pili."

Nilifanya la pili. Mzizi wa pili wa x mara mzizi wa tatu wa x: mapaa mawili tofauti, huwezi kuyaunganisha kwa nguvu. Lakini ukiyavua, moja linakuwa nusu, jingine theluthi, unajumlisha, unapata tano juu ya sita, kazi imekwisha. Mzizi ndani ya mzizi: nusu ya nusu, robo. Akanipa magumu zaidi, mabaya ya kutisha, mapaa matatu yamepandana, na mimi nikayavua moja moja. Tumbo lilikuwa tupu na kichwa kilikuwa chepesi. Sikupata tena kusoma vizuri hivyo maishani mwangu, na wakati huohuo sikumwamini mwanamke yule hata kidogo.

Kitu kimoja kilinitia wasiwasi kuliko vyote. Ile chai yake. Kabla ya adhabu yangu, ilijulikana kwamba saa sita hakosi glasi mkononi. Sasa glasi ilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, imepinduliwa mdomo chini, kavu. Siku zote. Mimi niko pale, yeye hanywi. Niliumiza kichwa. Kwetu Rwanda unajua mambo ya vinywaji: anayekaribisha anaonja kwanza, mgeni aone kuwa hakuna sumu, na mtu asiyekuamini hanywi mbele yako wala haachi glasi wazi. Nikapata jibu, na likaniuma sana. Ananiogopa! Amejua mimi ni nani, na anafikiri nitamtilia kitu. Mimi, mtoto wa watu! Nilikaa na hasira hiyo mwezi mzima, nikarahisisha mizizi kwa hasira, nikapata yote.

Huku chumba cha kulia, jirani yangu alikuwa ananuna. "Sha, Jumatano zimekuwa mbaya," akaniambia. "Hakuna wa kunipa nyama." Nikamtazama kwa makini kuona kama anamaanisha kitu. Alikuwa anakula andazi. Mpaka leo sijui kama alijua.

Mwisho wa mwezi ukafika. Mchana wa siku ile, jioni yake watu wa mtaani kwetu wangepanda kilimani kutafuta mwezi, nilikuwa nafunga daftari. Masera aliinuka, akaenda dirishani, akasimama karibu na ile glasi iliyopinduliwa. Alitazama mawingu juu ya bonde.

"Ni leo au kesho?" akauliza.

"Nini, masera?"

"Mwezi."

Mtego ndio huo sasa, umefunguka mdomo. Nikamtazama macho makavu, nikamjibu kama baba alivyonifundisha. "Mwezi gani, masera?"

Akanigeukia. Nilidhani atakasirika. Badala yake akaitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, na uso wake mkavu ulilegea nikaona alivyokuwa amechoka.

"Vizuri," akasema kwa sauti ya chini. "Hivyohivyo. Nyakati zilivyo, usimwambie mtu yeyote. Hata mimi." Akarudi mezani, akashika kalamu. "Kesho au keshokutwa utapata homa. Wewe ndiye utakayejua ni lini. Homa ya siku moja. Usije shuleni na homa."

Nilitembea mpaka Biryogo sioni njia. Baba aliposikia akasema usithubutu kukosa, kesho vaa sare uende darasani kama kawaida, huyo anangoja kuona nani hayupo. Tulibishana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Mwezi ukaonekana. Asubuhi sare yangu ilikuwa kwenye msumari, imepigwa pasi, na gauni jipya alilonishonea baba lilikuwa kitandani. Nilikaa katikati muda mrefu. Nikavaa gauni. Baba aliniona, akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kuswali Idi na mabega yake juu, na siku nzima kila aliyebisha hodi alimfanya ashtuke. Hakuna aliyekuja isipokuwa wageni wa pilau.

Siku iliyofuata, kwenye mstari wa asubuhi, masera mkuu akaniuliza mbele ya shule nzima, kwa ukali: "Homa imepona?"

"Imepona, masera."

"Saa sita uje umalize adhabu yako."

Nilikwenda. Hakukuwa na zoezi mezani. Glasi ilikuwa imesimama sawasawa, na ya pili pembeni yake, na birika linatoa mvuke, majani ya nana yanaelea. Nikatazama glasi, nikatazama dirisha, nikakumbuka mwezi mzima wa glasi kavu, na ndipo nikaelewa. Si kwamba aliogopa. Hakutaka kunywa mbele ya mtu aliyefunga. Aibu ilinishika na machozi yakanijia kwa pamoja, nikauma mdomo.

Masera alimimina kwenye glasi ya kwanza. Akaiinua, akanywa, polepole, macho yake juu ya ukingo yananitazama mimi, mpaka akahakikisha nimeona kwamba amemeza. Ndipo akamimina ya pili kutoka birika lilelile, akaisukuma mpaka upande wangu wa meza.

Nikaichukua, nikanywa.